Chaji ya Kasi Yafika Umande

Si zamani sana, wala si mbali kiasi cha mtu kushindwa kufika kwa miguu, palikuwa na nchi iitwayo Mbelembele. Ilikuwa nchi njema. Wananchi walilima, wakauza, wakazaa na kuzikana bila kumsumbua mtu, na serikali yao ikasafiri kwa niaba yao. Mkuu wa nchi hakuitwa rais, kwa sababu marais wamejaa duniani. Aliitwa Mtukufu Mtangulizi, na kazi yake, kama jina lilivyo, ilikuwa kutangulia. Alitangulia mezani, alitangulia kutibiwa ng'ambo, na mwaka huo alitangulia kwenda Ulaya kuhudhuria mkutano juu ya hewa.

Huko Ulaya ndiko alikoliona jambo. Waliofuatana naye walisimulia kwamba walikuwa wakipelekwa kwenye chakula cha mchana, dereva akatoka barabara kuu na kuingia katika uwanja wenye nguzo nyeupe zilizosimama kama walinzi wa ikulu. Dereva akashuka, akavuta waya mnene mfano wa mkonga wa tembo, akaudunga ubavuni mwa gari. Mtukufu akauliza kulikoni. Akaambiwa gari linakula umeme. Akauliza litakula mpaka lini. Akajibiwa: kunywa kahawa, Mheshimiwa, ukimaliza nalo litakuwa limeshiba. Akanywa. Na kweli, kikombe kilipogusa meza gari lilikuwa tayari. Akaelezwa pia kwamba nguzo hizo zinaenea Ulaya nzima, nchi hadi nchi, milimani na mabondeni, na kila uchao zinaongezwa, hata mtu aweza kutoka kwenye barafu ya kaskazini akafika kwenye mizeituni ya kusini bila kunusa petroli.

Mtukufu alirudi nyumbani hana raha. Kilichomkera si kwamba Ulaya ina nguzo. Kilichomkera ni kwamba nguzo zile zilifika ufukweni, zikaitazama bahari, zikageuka.

“Kwa nini zigeuke?” aliuliza uwanjani, kabla hajamaliza kushuka ngazi za ndege. “Nani aliziambia zigeuke? Mbelembele itazipokea! Mtandao wa chaji ya kasi wa Ulaya utaanza kule utakakoanza, lakini utaishia hapa!”

Umati ukapiga makofi. Waliopiga kwa nguvu zaidi ni wale waliokuwa wakiishi kwa koroboi, kwani walidhani umeme umetajwa kwa ajili yao.

Kazi akakabidhiwa Waziri wa Mwendokasi, Profesa Baltazari, msomi aliyekuwa na jibu la kila swali na hasa la maswali ambayo hayakuulizwa. Profesa alifikiri kwa njia ya kisayansi. Mtandao huu ni wa Ulaya, alisema. Ulaya kuna baridi. Mbelembele yote ni joto isipokuwa wilaya moja ya milimani iitwayo Umande. Kwa hiyo Umande ndiyo Ulaya ya Mbelembele, na kituo kijengwe huko. Baraza la mawaziri likastaajabu jinsi jambo hilo lilivyokuwa wazi muda wote na wao hawakuliona.

Mkuu wa Wilaya ya Umande aliitwa Zefania Kidunda. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye mwili wa kutosha na sauti ya kuazima. Alipanda cheo hata cheo kwa kutosema neno ambalo mkubwa wake hajalisema kwanza. Mkewe alikuwa akimtania kwamba mumewe hata chafya huizuia mpaka mkubwa wake apige kwanza. Hakuwa mtu mbaya. Katika Mbelembele watu wabaya walikuwa wachache mno. Kazi kubwa ilifanywa na watu wapole.

Simu ilipoita, alisimama wima ingawa alikuwa peke yake ofisini.

“Kidunda,” ilisema sauti ya Profesa, “una baridi huko?”

“Ninayo, Mheshimiwa.”

“Ya kutosha?”

“Ya kutosha kabisa, Mheshimiwa. Na ikipungua tutaongeza.”

“Vizuri. Jiandae. Unakuwa Ulaya.”

Mafundi wakaja, wakapima, wakakuna vichwa. Umeme wa Umande ulikuwa mwepesi kama chai ya shule ya bweni. Ulifika kwa waya mmoja, ukawasha mashine ya kusaga, maduka kadhaa, na zahanati. Nguzo ya chaji ya kasi, kwa upande wake, ilikuwa na tumbo la tembo. Pale Umande palikuwa na transfoma moja tu yenye nguvu, ile ya zahanati, iliyofungwa na wamisionari miaka mingi iliyopita kwa ajili ya wodi ya wazazi. Mafundi wakasema ikihamishwa ile, na mashine ya kusaga ikizimwa, na maduka yakipunguziwa, nguzo inaweza kula. Si kushiba, kula.

Habari zilimfikia mkunga wa zahanati kabla hazijamfikia mwenye habari. Nesi Sekunda alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka mingi, ambaye nusu ya Umande ilipokelewa duniani na mikono yake. Aliingia ofisini kwa Mkuu wa Wilaya bila kuketi.

“Mkuu, nasikia mnaning'olea transfoma.”

“Siyo kung'oa, Dada Sekunda,” akasema Zefania. “Ni kuihamisha kimkakati.”

“Itarudi lini?”

“Ni kwa muda.”

“Muda gani?”

“Muda wa… muda.”

“Na mashine ya joto ya watoto njiti niichomeke wapi? Kwenye huo mkakati?”

Zefania akaangalia picha ya Mtukufu ukutani, kama afanyavyo mtu anayetafuta saa. “Dada, tuangalie mambo kwa upana. Magari yatakuja kutoka Ulaya.”

“Yatavukaje bahari?”

“Hilo liko kwenye awamu ya pili.”

Nesi Sekunda akasema kwa sauti ya chini, “Mwanao Obadia alizaliwa hana pumzi. Nilimlaza kwenye mashine ile ile. Wewe ulikuwa umekaa nje kwenye benchi, umevaa kiatu cha kahawia na cheusi, unalia kama mjane.”

“Nakumbuka,” akasema Zefania, na kweli alikumbuka. Kisha akasikia kinywa chake kikiongeza chenyewe, “Serikali inautambua mchango wako.”

Mkunga akamtazama kama anavyotazamwa mgonjwa aliyecheleweshwa kuletwa, akatoka. Jioni ile Zefania alirudisha sahani ikiwa na chakula. Kesho yake transfoma ikahamishwa kwa nderemo, na redio ya taifa ikatangaza kwamba wanawake wa Umande wameamua kwa hiari yao kurudia kutwanga kwenye vinu ili kulinda lishe ya asili.

Kituo kilijengwa kwa kasi ambayo Umande haikuwahi kuiona. Barabara iliyokuwa na mashimo tangu wakoloni ilifukiwa kwa siku chache, kuanzia pembeni mwa kituo hadi mahali ambapo kamera ingeishia kuona. Nguzo nyeupe ikasimikwa. Pembeni yake ikajengwa nyumba ya kahawa, kwa kuwa Profesa alisisitiza kwamba kisayansi kahawa ni sehemu ya mtambo: Mtukufu aliona kwa macho yake gari likishiba pale kikombe kilipoisha.

Kikabaki kikwazo kimoja kidogo. Umande haikuwa na gari la umeme. Wala wilaya ya jirani haikuwa nalo. Gari la umeme nchini lilikuwa moja, jipya, jeusi, la Mtukufu mwenyewe. Profesa hakutetereka. “Kituo bila wasafiri ni kaburi,” alimwambia Zefania kwenye simu. “Tafuta wasafiri.”

Zefania akateua wananchi wenye sura za kusafiri. Wakafundishwa kukaa kwenye nyumba ya kahawa, kuangalia saa, kuguna, na kupitisha kidole kwenye simu iliyozimika. Mzee Fungameza, aliyewahi kuongoza kwaya, ndiye aliyefaulu kuliko wote. Alikuwa akikunja uso kana kwamba kuna mkutano mahali fulani ambao hauwezi kuanza bila yeye, na mara mbili mkewe alikataa kumpikia akidhani kweli anaondoka. Wachoma mahindi waliondolewa, kwa sababu Ulaya hainuki mahindi. Punda wakapigwa marufuku kupita mbele ya kituo, kwa kuwa walifika kokote walikotaka bila kuchajiwa, na jambo hilo lingewavunja moyo wawekezaji.

Basi mambo yakawa yamekaa sawa kabisa, ila mwanamke mmoja hakufuata ratiba.

Aliitwa Hosiana, muuza viazi wa pale gulioni. Mimba yake ilikuwa bado changa mno kwa kujifungua, lakini uchungu ulimshika akiwa amebeba gunia, akajifungua mapacha, wa kiume na wa kike, wadogo hata kuku wa kienyeji angewazidi uzito. Damu ilimtoka nyingi. Alilala hajiwezi, midomo imepauka. Ilikuwa ni msimu ule ambao asubuhi ya Umande majani huvaa vumbi jeupe la barafu. Bibi yao akamweka mmoja kifuani ndani ya nguo, Nesi Sekunda akamweka wa pili kifuani mwake, na muuguzi msaidizi akawa anachemsha maji kwa kuni na kuyatia kwenye chupa. Chupa zilipoa upesi kuliko kuni zilivyowaka.

Sekunda akampigia Zefania simu.

“Mkuu, nina watoto njiti wawili. Nirudishie umeme.”

“Dada, sherehe ni kesho. Ikipita tu—”

“Hawa hawaijui kesho.”

“Basi wapelekwe hospitali ya mkoa! Nitatoa gari langu mimi mwenyewe.”

“Njia umeifunga wewe mwenyewe,” akasema mkunga. “Hakuna kupita mpaka msafara upite. Nimejaribu. Askari wako kanionyesha saini yako.”

Zefania akafungua kinywa. Akatafuta neno lililowahi kusemwa na mkubwa yeyote ambalo lingefaa hapo. Hakulipata. Akampigia Profesa kuomba njia ifunguliwe dakika chache tu, gari moja lipite. Profesa akamuuliza kama mapacha hao wamealikwa. Zefania akasema hapana, Mheshimiwa. Profesa akasema basi wasije wakaharibu picha.

Siku ya sherehe jua lilitoka lakini halikuleta kitu. Kulikuwa na wageni kutoka Ulaya, wakiongozwa na Bibi Ingeborg, mwanamke mrefu mwenye koti la manyoya, mwakilishi wa Shirika la Nguzo za Udugu, lililokuwa limetoa ile nguzo. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwa bidii na alikitumia bila woga.

“Nguzo inayofuata iko wapi?” alimuuliza Zefania.

“Inayofuata, Bibi?”

“Ndiyo. Gari likitoka hapa, litachaji wapi tena?”

“Hapa hapa, Bibi. Linarudi.”

Bibi Ingeborg akatikisa kichwa polepole, akainama karibu na sikio lake. “Usinitaje,” akasema, “lakini kwetu pia ziko nguzo zilizokatiwa utepe, na mpaka leo zinasubiri waya. Mawaziri wote wanapenda mkasi.”

Msafara ukaonekana. Mbele pikipiki, nyuma magari ya dizeli yakitoa moshi mzito, na katikati yake lori kubwa lililofunikwa turubai. Kwenye kona, nyuma ya miti, ambapo wageni hawakutakiwa kutazama, lori lilisimama, turubai likafunuliwa, na gari jeusi la umeme likateremshwa kwa mbao. Kutoka ikulu hadi Umande hapakuwa na pa kuchajia, na Mtukufu hakuwa mtu wa kusukumwa. Akahamia kwenye gari lake, akaja nalo kimya kimya ile hatua iliyobaki, na umati ukashangilia ukimya huo mpaka masikio yakauma.

Hotuba ilikuwa fupi kwa kipimo cha Mbelembele. Walioanguka kwa kusimama hawakuzidi vidole vya mkono mmoja. Mtukufu alisema Ulaya imetufuata. Alisema wapo wanaouliza umeme wa majumbani uko wapi, na hao ni watu wanaotaka kuwahi kabla ya Mtangulizi. Kisha akaweka mkono juu ya gari na sauti ikamtetemeka.

“Mnadhani gari hili ni langu? Si langu! Mimi naliendesha tu! Gari hili ni la mtoto wa Mbelembele, yule mnyonge, yule mdogo, yule ambaye hata kuzaliwa bado!”

Makofi. Mkasi ukapita kwenye utepe. Dereva akauvuta ule mkonga, akaudunga, na katika Umande nzima kila kilichokuwa kimebaki kikiwaka kikazimika. Nguzo ikawasha taa ya kijani. Mzee Fungameza akanyanyua kikombe, akaguna, akaangalia saa.

Hapo ndipo Nesi Sekunda alipotokea, na nyuma yake bibi wa mapacha, kila mmoja amejikunja juu ya kifua chake kama mtu aliyeficha kitu cha wizi. Walipita kati ya wasafiri wa kahawa. Askari wa itifaki akamshika mkunga mkono.

“Wapi wewe?”

“Kwenye gari la watoto.”

“Gari gani la watoto? Hili ni la Mtukufu!”

“Mtukufu sasa hivi amesema si lake,” akajibu Sekunda, na hakupunguza sauti. “Amesema ni la mtoto ambaye hata kuzaliwa bado. Ni hawa. Walitakiwa wawe hawajazaliwa mpaka mvua za vuli. Wametangulia.” Akamgeukia Mtukufu mwenyewe, akapiga goti kidogo kwa adabu. “Shikamoo, Baba. Wametangulia kuja. Usiwaache watangulie na kuondoka.”

Upepo ulipita ukachezea utepe uliokatwa. Bibi Ingeborg akasogea, akachungulia ndani ya kanga, akaona uso mdogo wa rangi ya zambarau, na mkono wake ukaenda kinywani. Mpiga picha wake hakuhitaji kuambiwa.

Mtukufu alilitazama gari lake. Profesa alimtazama Mtukufu. Askari alimtazama Profesa, vidole bado vimeshika mkono wa mkunga. Zefania alikuwa amesimama karibu na mlango wa gari, mahali pake kwa mujibu wa itifaki, na kupitia kioo alisikia mvumo mdogo: dereva alikuwa ameacha joto likiwaka ndani, kwa sababu Mtukufu hapendi baridi. Zefania akasubiri amri. Alisubiri kama alivyosubiri maisha yake yote. Haikuja. Akaona unyoya wa mvuke ukitoka puani mwa bibi wa mapacha, na kutoka ndani ya nguo zake hakuona mvuke wowote.

Akafungua mlango.

“Mkuu!” dereva akanong'ona kwa hofu. “Viti vya ngozi!”

“Ingia, Dada,” akasema Zefania. Sauti yake ilitoka ngeni, kana kwamba kwa mara ya kwanza haikuwa ya kuazima. “Ingia, mama. Funga mlango, joto lisitoke.”

Kamera zikalia kama mvua juu ya bati. Mtukufu akazitazama, akaelewa upesi, maana hakufika pale alipofika kwa upumbavu. Akatabasamu kwa meno yote. “Ndivyo nilivyopanga!” akatangaza. “Ndivyo hasa!” Akapungia mkono kioo cha gari, na umati, ambao sasa ulikuwa unalia, ukapiga makofi ya kweli, ambayo masikio ya ikulu hayakuyazoea, yakayatafsiri kuwa fujo.

Mtukufu aliondoka Umande akiwa amekaa mbele kwenye lile lori, kati ya dereva na utingo. Kabla ya kuondoka Profesa alimvuta Zefania pembeni, akamwambia kwa meno yaliyofungwa, “Wageni wakishapanda ndege, gari lirudi. Unanisikia?”

“Nakusikia, Mheshimiwa.”

Na kweli alisikia. Ila picha ilikuwa imekwisha kufika Ulaya, magazeti ya kule yakaiweka ukurasa wa mbele, na pongezi zikaanza kumiminika ikulu kwa kiongozi wa pekee duniani aliyegeuza gari lake kuwa wodi ya watoto. Kulichukua kwa nguvu kukawa hakuwezekani. Ikabidi lichukuliwe kwa simu.

“Kidunda, gari liko wapi?”

“Linachaji, Mheshimiwa,” akasema Zefania.

Ilikuwa kweli tupu. Lilikuwa linachaji. Profesa akakata simu. Siku ya pili akapiga tena.

“Bado linachaji, Mheshimiwa.”

“Chaji gani hiyo? Kule Ulaya lilishiba kwa kikombe kimoja!”

“Huku kahawa ni ya moto sana, Mheshimiwa. Inanywewa polepole.”

Kila alipomaliza kujibu alitembea mpaka kituoni. Njia ya hospitali ya mkoa ilikuwa imefunguliwa, lakini mkunga alisema mapacha wamekuwa dhaifu mno kwa mashimo yake. Ndani ya gari, kiti cha nyuma kilikuwa kimelazwa. Hosiana alikuwa ameletwa kwa machela, amelala ubavu, na watoto wako kifuani pake ngozi kwa ngozi. Midomo yake ilianza kurudisha rangi. Nesi Sekunda alikaa mahali pa dereva, mikono juu ya usukani, akisinzia. Askari wawili walioachwa kulinda heshima ya gari walikuwa wameanza kwa kukataza watu kulisogelea. Baadaye wakaanza kuchota maji. Mwishowe nepi zikawa zinaanikwa kwenye vioo vya pembeni na mmoja wa askari akawa mkali kweli kweli mtu akizianika vibaya.

Zefania alikuwa akisimama nje ya kioo, pumzi yake ikikifunika ukungu, akafuta, ukarudi. Siku moja mtoto wa kike alifumbua jicho moja tu, akamtazama kwa dharau kubwa, akalifumba. Mkuu wa Wilaya akacheka peke yake barabarani. Alipogeuka, Mzee Fungameza, aliyekuwa bado anakuja kusafiri kila siku kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache, akamwuliza kulikoni.

“Amenidharau,” akasema Zefania, bado anacheka.

“Ni dalili ya afya,” akasema mzee.

Hivyo ndivyo chaji ya kasi ya Umande ilivyoendelea mpaka baridi ikalegea na mipichi ikatoa maua. Simu za Profesa zikawa za kelele, kisha za matusi, kisha za kubembeleza, na mwisho zikawa fupi: Kidunda, andika barua ya kujieleza. Zefania alijua mtu akiambiwa hivyo katika Mbelembele amebakiwa na muda wa kufunga mabegi.

Asubuhi Hosiana alipotoka kwenye gari kwa miguu yake, pacha mmoja mgongoni na mwingine kifuani, wote wamenenepa na wanapiga kelele za kutosha gulio zima, Zefania aliwaita mafundi wa umeme.

“Transfoma hii,” akawaambia, “irudisheni zahanati.”

Fundi mkuu akamtazama. “Kwa amri ya nani, Mkuu?”

Zefania akafikiri. Angeweza kusema Profesa. Angeweza kusema ikulu. Wangeamini, maana hakuwahi kusema neno lisilotoka huko. “Yangu,” akasema. Neno lilikuwa dogo, na alilirudia ili alisikie. “Yangu mimi.”

Taa ya wodi ilipowaka, ndipo akapiga simu. “Mheshimiwa Profesa,” akasema, “chaji imekamilika.”

Gari likapandishwa kwenye lori likaenda zake, linanuka maziwa. Jioni yake redio ya taifa ilitangaza mambo mawili. La kwanza, Shirika la Nguzo za Udugu limekitambua kituo cha Umande kuwa ndicho kilichotumika mfululizo kwa muda mrefu kuliko vyote katika mtandao, na Profesa Baltazari ametunukiwa nishani. La pili, Bwana Zefania Kidunda amevuliwa wadhifa kwa kosa la kuchelewesha kasi ya taifa. Mkewe akazima redio, akamwekea chakula. Zefania akala akamaliza, akaomba kingine, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya transfoma.

Mkuu mpya wa wilaya alikuja baada ya wiki. Aliitwa Pantaleo, kijana nadhifu mwenye viatu vinavyong'aa na simu mbili, na aliposhuka tu garini alisimama wima kana kwamba anapigiwa. Zefania akampokea, akamkabidhi funguo na muhuri, akamtembeza. Walipofika kituoni Pantaleo akakuta nguzo nyeupe imesimama, taa ya kijani imekufa, kuku wamelala chini yake, na Mzee Fungameza akinywa kahawa na kuangalia saa.

Pantaleo akabonyeza kitufe. Hakikujibu. Akabonyeza tena. Uso ukamlegea, mkono ukaenda mfukoni kwenye mojawapo ya zile simu.

“Mzee Kidunda,” akasema, na woga ulisikika chini ya unadhifu wake, “ikulu watapiga leo wakiuliza. Umeme wa kituo uko wapi?”

Wakati huo huo, kutoka upande wa zahanati, dirisha la wodi likiwa wazi, ilisikika sauti ya mwanamke akipiga ukelele mmoja mrefu, halafu kimya, halafu sauti kali, nyembamba, yenye hasira, ya mtu ambaye ndiyo kwanza amefika na hajapapenda.

Zefania akamshika yule kijana bega, akamgeuza taratibu aelekee kule.

“Ndio huo,” akasema. “Ndio huo unaolia.”